Minyoo wangu walikufa ndani ya siku tatu: nilikosea wapi?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Machame, Kilimanjaro. Kwenye kihamba changu nina migomba, kahawa kidogo, bustani ya mboga na ng'ombe wawili wa maziwa ninaowafugia bandani. Mwezi wa tano nilinunua kilo moja ya minyoo wekundu wa kutengeneza mbolea. Muuzaji alinielekeza niweke samadi kwenye pipa, nimwagie minyoo, nifunike, nisubiri mbolea. Nilijaza pipa la lita 200 hadi nusu kwa samadi ya asubuhi ile ile. Kesho yake niliwakuta wamejibandika chini ya kifuniko kama tambi. Siku ya tatu harufu ilikuwa mbaya na sikuona hata mmoja aliye hai. Muuzaji aliniambia pia kwamba lita moja ya maji ya minyoo inatosha badala ya mfuko mzima wa mbolea ya viwandani ya DAP. Je, aliniuzia minyoo wabovu? Na kwa mtu mwenye ng'ombe wawili kazi hii ina maana, au niachane nayo?

Jibu: Shikamoo mwalimu. Pole kwa hasara. Minyoo wako hawakuwa wabovu. Wale uliowakuta kwenye kifuniko walikuwa wazima kabisa, wanatafuta hewa. Mnyoo hana mapafu; anapumua kwa ngozi, na ngozi hiyo haifanyi kazi isipokuwa ina unyevu na inaguswa na hewa. Akipanda ukuta wa chombo usiku wa kwanza huwa anakwambia kwamba huko chini hapakaliki.

Kilichotokea pipani ni hiki. Samadi mbichi ikirundikwa, bakteria huanza kuila kwa kasi na rundo linapata joto. Rundo kubwa linaweza kupita nyuzi 50, nawe umewahi kuona mvuke ukitoka kwenye samadi asubuhi ya baridi. Minyoo wekundu wanastawi kati ya nyuzi 15 na 25, na zikipita 35 wanaanza kufa. Juu ya joto hilo ongeza mkojo wa ng'ombe uliochanganyika na samadi ya bandani. Mkojo unatoa amonia, ile harufu inayochoma macho unapofungua banda lililofungwa usiku kucha, na kwa ngozi laini ya mnyoo amonia ni sumu. Kisha pipa likafunikwa. Chakula kilikuwa chao, mwalimu, ila kilikuwa bado kinachemka, na mlango ulikuwa umefungwa.

Lawama naiweka kwenye maelezo uliyopewa kuliko kwako. "Weka samadi, mwagia minyoo, funika" ni maelezo ya kutumia mashine, na hawa ni mifugo. Ungenunua ndama ungeuliza atalala wapi, anakula nini, anywe kiasi gani, nani adui yake. Maswali ni yale yale kwa mnyoo, na mtu akiyauliza kwa uzito ule ule, kazi hii haimshindi.

Tuanze na nani uliyemnunua. Mnyoo mwekundu, ambaye wataalamu wanamwita *Eisenia fetida*, asili yake ni Ulaya na sasa yuko karibu kila nchi. Anaishi juu ya ardhi, ndani ya majani yanayooza na marundo ya samadi, wala hachimbi udongo kwenda chini. Ndiyo maana nyungunyungu wa kijivu unaowafukua chini ya migomba hawafai kuwekwa kwenye sanduku. Wale ni wachimbaji, wanataka udongo, na ukiwafungia kwenye samadi watakufa au watatoroka. Waache shambani, wana kazi yao. Kuna na mnyoo mwingine mkubwa, *Eudrilus eugeniae*, mwenye asili ya Afrika Magharibi, anayekua haraka na kupenda joto. Huyo angefaa Tanga au Dar es Salaam. Kwa baridi yenu ya Juni na Julai huko Machame, baki na mwekundu.

Kuhusu chakula, wengi wanakosea kwa kudhani mnyoo anatafuna taka. Hana meno. Anameza vitu vilivyokwisha kulainika, na shibe yake kubwa inatokana na bakteria na ukungu waliokaa juu ya vitu hivyo. Ganda la ndizi la leo halimhusu sana. La baada ya siku tano analigombania. Ukilielewa hilo utaona kwa nini kazi ya mfugaji ni kumwandalia chakula kilichopita hatua ya moto na kuanza kuoza kwa utulivu.

Sasa namna ya kuanza upya. Tandaza samadi kivulini, unene usiozidi shubiri moja, uigeuze kila baada ya siku mbili tatu kwa muda wa wiki mbili hivi. Chukua ile ya upande wasikokojolea ng'ombe kama unaweza kuitenganisha. Ukiingiza mkono katikati na usikie ubaridi, na pua isikutane na amonia, iko tayari. Kama bado ina vuguvugu, ngoja. Hakuna faida ya kuharakisha hapa.

Pipa lako usilitupe. Lipasue kwa urefu upate mabeseni mawili marefu yenye kina kifupi. Minyoo wanakaa karibu na juu, kwa hiyo kina cha pipa lililosimama hakikusaidii, ila upana wa beseni unakusaidia. Toboa matundu chini, inua upande mmoja kidogo ili maji ya ziada yatoke, kisha weka malalo: majani makavu ya migomba yaliyokatwakatwa na maboksi yaliyochanwa, vyote vimeloweshwa na kukamuliwa, unene wa kiganja hadi shubiri. Juu yake weka tabaka jembamba la ile samadi iliyopoa, upande mmoja tu wa beseni. Upande wa pili uache malalo matupu, ili chakula kikiwa na kasoro minyoo wapate pa kukimbilia. Funika kwa gunia lililoloa au jani bichi la mgomba. Kifuniko cha plastiki hakihitajiki.

Unyevu pima kwa mkono. Kamata konzi ya malalo ukamue: yakitoka matone mawili matatu, ni sawa. Maji yakichuruzika, ongeza maboksi makavu. Yasipotoka kabisa, nyunyiza maji. Usiku wa kwanza au wa pili acha taa iwake karibu, kwa sababu mnyoo anaogopa mwanga na hatapanda juu. Baada ya hapo atakuwa amezoea makazi.

Halafu kuna lile nililotamani uwe umelifanya mwezi wa tano. Kabla ya kuwamwaga wote, chukua kopo lenye matundu, tia chakula kile kile unachokusudia kuwapa, weka minyoo 20, uwaache hadi kesho. Wakiwa wote wamezama ndani na wako hai, endelea. Wakiwa juu wamejikunja au wamekufa, umepoteza 20 badala ya kilo nzima, ambayo kwa kawaida huwa na minyoo wakubwa 2,000 hivi. Mimi hulifanya jaribio hili kila ninapopata samadi kutoka banda jipya, hata baada ya miaka yote hii.

Na nina sababu. Wauzaji wengi hawataji habari ya dawa. Dawa ya minyoo ya tumboni unayomnywesha au kumchoma ng'ombe, sehemu yake inatoka kwenye kinyesi ikiwa bado ina nguvu, na baadhi ya dawa hizo zinamdhuru mnyoo wa mbolea vilevile. Samadi ya wiki kadhaa za kwanza baada ya ng'ombe kupewa dawa ipeleke kwenye rundo la mboji la kawaida, lile la kupata joto, usiwape minyoo. Vivyo hivyo maji ya dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe yasimwagikie samadi utakayotumia. Na mabaki ya mboga zilizopuliziwa dawa ya ukungu yenye kabendazimu yaweke mbali kabisa. Kabendazimu ni kali kwa minyoo kiasi kwamba maabara huitumia kama kipimo cha sumu wanapojaribu dawa nyingine.

Masalia ya jikoni yafukie kidogo kidogo chini ya malalo: maganda ya viazi na ndizi, majani ya chai, masimbi ya kahawa, maparachichi yaliyooza ambayo kwenu hayakosekani, maganda ya mayai yaliyosagwa. Nyama, samaki, mafuta na chakula chenye chumvi, hapana. Limau na machungwa kwa uchache. Ugali na wali uliolala vinahitaji uangalifu mkubwa, kwani ukitia vingi kwa mara moja vinachacha, asidi inapanda, na utaona minyoo wamevimba vipandevipande kama uzi wa shanga. Ukiwaona hivyo toa chakula chote, weka malalo mapya na maganda ya mayai, uwafungulie hewa. Baadhi watapona.

Nikija kwenye swali lako la ng'ombe wawili, naomba tupige hesabu pamoja, kwa sababu hapo ndipo watu wanapouziwa ndoto. Ng'ombe wa maziwa wa wastani anatoa samadi mbichi kilo 20 hadi 25 kwa siku. Wako wawili, basi ni kilo 40 hadi 50. Minyoo waliotunzwa vizuri wanakula kwa siku kama nusu ya uzito wao. Kilo moja ya minyoo, basi, inamaliza nusu kilo. Ili wale samadi yako yote ungehitaji karibu kilo 100 za minyoo. Kilo yako moja, hata ingeishi, ingekuwa tone kwenye ndoo.

Lakini wanazaana. Kila mnyoo ana viungo vya kiume na vya kike, ingawa kwa kawaida wanahitaji kukutana wawili. Kifuko cha mayai ni kidogo kama punje ya uwele, umbo la limau, rangi ya dhahabu kikiwa kipya na kahawia kikikaribia kuangua. Baada ya wiki tatu nne hivi hutoka watoto wachache, mara nyingi wawili au watatu, nao wanahitaji miezi miwili hivi kukomaa. Katika mazingira mazuri kundi linaongezeka mara mbili kwa kila miezi mitatu hivi. Anza na kilo moja, ikiisha miezi 12 unaweza kuwa na kilo 16, ambazo zitakula kilo 8 kwa siku. Baridi yenu itapunguza kasi, kwa hiyo tegemea chini ya hapo.

Ushauri wangu ni ugawe samadi. Sehemu kubwa iendelee kwenda kwenye migomba na kahawa kama wazee wa vihamba walivyofanya siku zote, ikipita kwanza kwenye rundo la mboji. Sehemu ndogo, ile uliyoitandaza ikapoa, iwe ya minyoo, na mbolea yao uitumie pale inapolipa zaidi: kitalu cha miche na bustani ya mboga. Kundi likikua, jenga tuta la kudumu chini ya kivuli, upana mita moja ili mkono ufike katikati, urefu kadiri ya samadi uliyonayo, sakafu ngumu yenye mteremko kidogo. Tuta la namna hii linaweza kukua hadi kufikia kiwango cha shamba kubwa. Nchini Kuba walianza kufuga minyoo mwaka 1986, na Umoja wa Kisovyeti ulipovunjika mwaka 1991 na mbolea za viwandani zikaadimika, matuta marefu ya samadi ya ng'ombe yenye minyoo yakawa mojawapo ya njia walizotegemea kulisha udongo wao.

Tena wewe una kahawa. Ukimenya kahawa yako mwenyewe, yale maganda mekundu ambayo wengi huyaacha yanuke pembeni mwa mfereji ni chakula kizuri sana cha minyoo, mradi uyaache wiki mbili yapoe kama samadi. Huko Kolombia kituo cha utafiti wa kahawa cha Cenicafé kimewafundisha wakulima wadogo njia hiyo kwa miaka mingi, na maganda yaliyokuwa yakichafua mito yakapata matumizi shambani. Msimu wa kuchuma ukifika, jaribu.

Sasa ile ahadi ya lita moja kwa mfuko wa DAP. Si kweli, na inanisikitisha kwa sababu inamharibia jina mnyoo ambaye hana kosa. Mfuko wa kilo 50 wa DAP una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosforasi kwa kipimo kinachoandikwa kwenye mfuko. Lita nzima ya maji yoyote ina uzito wa kilo moja. Kilo 9 zitaingiaje humo? Hata mbolea yenyewe ya minyoo, iliyo ngumu, ikikaushwa huwa na naitrojeni asilimia 1 hadi 2. Gunia la kilo 50 lenye unyevu wake wa kawaida, ambao ni nusu au zaidi, litakupa nusu kilo ya naitrojeni likiwa zuri sana. Kuufikia mfuko mmoja wa DAP kwa naitrojeni peke yake ungehitaji angalau magunia 18.

Basi faida iko wapi? Iko kwenye mambo ambayo DAP haiwezi. Mbolea hii inashika maji, inaufanya udongo uwe na chembechembe zinazopitisha hewa, inaachia virutubisho polepole, na imejaa viumbe hai. Kwenye kitalu tofauti unaiona kwa macho. Majaribio ya vyuo vikuu, pamoja na Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio kule Marekani, yameonyesha kwamba miche inafanya vizuri mbolea ya minyoo ikiwa asilimia 10 hadi 40 ya mchanganyiko wa kitalu. Ikizidi sana miche hudumaa. Mimi natumia sehemu moja ya mbolea kwa sehemu nne za udongo wa msituni na mchanga. Bustanini, konzi moja au mbili kwenye kila shimo la kupandikizia.

Na yale maji yanayotiririka chini ya beseni tusiyachanganye na maji ya mbolea yanayotengenezwa kwa makusudi. Ya chini yamepita kwenye takataka ambazo hazijaoza vizuri na yanaweza kubeba vijidudu vya kinyesi. Yachanganye na maji mara 10, uyamwage kwenye shina la mgomba au mahindi, kamwe si juu ya majani ya mboga zinazoliwa mbichi. Yakiwa mengi kila siku, maana yake beseni limeloa kupita kiasi. Maji mazuri unayatengeneza mwenyewe: sehemu moja ya mbolea iliyokomaa kwenye sehemu 10 za maji safi, koroga mara kwa mara kwa muda wa saa 24, chuja, tumia siku hiyo hiyo. Ni nyongeza nzuri kwa mimea, lakini usiache kurutubisha udongo kwa sababu unayo.

Adui mkubwa kwenu ni siafu. Msimu wangu wa kwanza nilipoteza tuta zima usiku mmoja wa masika. Asubuhi nilikuta mbolea imetulia, haina kitu kinachotembea ndani yake, na mstari mweusi ukiondoka zake kuelekea kwenye uzio. Nililia, sioni haya kusema. Tangu hapo mabeseni yangu yanakaa kwenye meza ambayo kila mguu umesimama ndani ya kopo la maji yenye mafuta kidogo, na nahakikisha hakuna jani wala kamba inayogusa meza ikawa daraja. Kwa tuta la chini, zungusha majivu makavu, uyabadilishe kila mvua inaponyesha. Kuku, panya na fuko wanazuiwa na wavu. Sisimizi wakionekana, mara nyingi ni dalili kwamba malalo yamekauka, nyunyiza maji.

Mbolea inakuwa tayari miezi mitatu hadi minne hivi, ikiwa nyeusi, laini, yenye harufu ya ardhi iliyonyeshewa. Kuivuna, acha kulisha upande mmoja kwa wiki mbili tatu na uweke chakula kipya upande wa pili. Minyoo watahama wenyewe wakifuata chakula. Watakaobaki, mimina mbolea juani kwenye turubai kwa mafungu madogo, nao watazama chini ya kila fungu wakikwepa mwanga, wewe ukichota juu taratibu. Usitumie jua kali la saa sita, watakauka. Mbolea ihifadhi kivulini kwenye gunia linalopitisha hewa, ikiwa na unyevu kidogo. Ikikaushwa kabisa viumbe wengi waliomo hufa. Kwa kuwa njia hii haina joto la kuua mbegu, tegemea kuona mipapai na minyanya ikichipua yenyewe. Kama magugu yalikuwa mengi kwenye samadi, ipitishe kwanza kwenye rundo la mboji linalopata joto.

Kabla ya kununua tena, uliza mtu mwenye kulima mboga karibu nawe kama ana minyoo wa kuuza, na ukaone matuta yake mwenyewe. Nusu kilo inatosha. Waombe wachotwe pamoja na malalo yao ya zamani, kwani ndani yake kuna vifuko vya mayai vitakavyoangua hata wakubwa wakipatwa na mshtuko wa safari. Samadi unaweza kuitandaza leo, na wiki mbili zikiisha, weka 20 kwenye kopo.